Maswali ya Wasomaji: Tumtambueje Mtu Mwenye Nia Mbaya?

SWALI: Nina nyumba ya kulaza wageni huko Mkomani, Lamu, yenye wahudumu wachache na mlinzi mmoja wa usiku. Nataka wajue kumtambua mtu anayepanga uovu, ila nachelea tusije tukawaudhi wageni wema. Tuangalie nini?

JIBU: Hofu yako ni ya haki, ndugu msomaji, katika kaunti isiyosahau usiku wa tarehe 15 Juni 2014, Mpeketoni iliposhambuliwa, hoteli zikachomwa moto na watu wengi wakauawa. Jambo la kwanza ni kuwasisitizia wahudumu kwamba wachunguze matendo, wala si kabila, ndevu, buibui au dini. Kumshuku mtu kwa mavazi ni dhuluma, tena ni hatari, kwa kuwa anayepanga uovu hujitahidi kufanana na watu wengine.

Mtu kama huyo, awe mshambuliaji au mwizi, aghalabu hutangulia kupeleleza, na hapo ndipo anapoweza kugunduliwa mapema. Kila mtalii hupiga picha milango yetu ya nakshi. Wa kuangaliwa ni yule anayepiga picha kamera za usalama, kufuli la mlango wa nyuma na kiti cha mlinzi, kisha akaificha simu anapoonwa. Mwingine hudadisi zamu ya usiku hubadilishwa saa ngapi, au hurudi mara kwa mara bila shughuli inayoeleweka. Dalili moja si ushahidi, lakini zikiandamana zisipuuzwe.

Mhudumu amsogelee kwa adabu na kumuuliza, “Karibu, nikusaidie nini?” Mgeni wa kweli hufurahia kuhudumiwa, ilhali mpelelezi hutambua kwamba ameonekana. Asimfokee wala asimfuate vichochoroni. Aandike papo hapo saa, umbo, mavazi, maneno aliyoyasema na upande alioelekea, kisha akuarifu, nawe upige ripoti kituo cha polisi, au nambari 999 au 112 ikiwa hatari iko karibu. Wengi husubiri mpaka wawe na hakika, nami naona huko ndiko kuchelewa kwenyewe, maana kuhakikisha ni kazi ya polisi.

Mkoba usio na mwenyewe usiguswe. Watu waondolewe kwanza. Kwa kuwa vichochoro vya Mkomani ni vyembamba na gari halifiki mlangoni, amueni sasa mtatokea wapi, na kila mfanyakazi aipite njia hiyo usiku, taa zikiwa zimezimwa.