Kijiti cha meno: pa kukitumia na pa kukiacha

Kuchokoa meno ni kazi kongwe kuliko kilimo. Jino la binadamu wa kale lililopatikana Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, lenye umri wa miaka milioni 1.8 hivi, lina mfereji mwembamba ubavuni, pale linapopakana na jino la jirani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kitu chembamba kilipitishwa hapo tena na tena. Kwa hiyo kijiti kinasafisha, lakini pia kinakwangua, na wanaochokoa meno kutwa nzima wanapaswa kulijua hilo.

Kilowanishe ncha kwanza kwa maji au mate. Kilaze kando ya jino, kisha sukuma chakula kitoke nje. Usikidunge kwenye ile nyama ya ufizi iliyo katikati ya meno mawili, kwa sababu ikichomwa kila siku husinyaa, nafasi hupanuka, na chakula hunasa zaidi ya mwanzo. Kama meno yamebanana, tumia uzi wa meno. Na kama nyama inanasa palepale kila ukila, aghalabu pana tundu au jino lililozibwa limeanza kuachia. Hapo anayehitajika ni daktari wa meno.

Aina ya mti nayo ina maana. Aliyeanzisha viwanda vya vijiti Marekani miaka ya 1860 ni Charles Forster wa Boston, baada ya kuona vijiti vya kuchongwa kwa mkono Brazili. Alitumia mashine zilizotengenezwa awali kwa ajili ya vigingi vya mbao vya kushikia soli za viatu, na kijiji cha Strong, jimbo la Maine, kikajulikana kwa vijiti vya mti wa birchi. Vingi madukani kwetu ni vya mwanzi. Kivunje kimoja ukione: mwanzi hupasuka kwa nyuzi ndefu kali, na uzi kama huo ukibaki ndani ya ufizi huleta uvimbe. Kijiti kilichochanika ncha kitupe.

Nje ya kinywa, kazi inayolipa zaidi ni kuokoa skrubu ya bawaba inayozunguka bila kukaza. Toa skrubu. Chovya vijiti vitatu hadi vitano kwenye gundi ya mbao, vijaze tundu mpaka vibane, vigonge taratibu kwa nyundo, kisha kata vinavyochomoza kwa wembe. Acha usiku kucha. Kesho yake rudisha skrubu kwa bisibisi ya mkono. Meno ya skrubu sasa yana mbao mpya ya kung'ata. Wanaoshindwa hufanya moja kati ya haya mawili: wanaacha gundi, vijiti vikazunguka pamoja na skrubu, au wanakaza gundi ikiwa bado mbichi. Mlango mzito wa mninga unataka kigingi kamili cha mbao, kwani vijiti havitauhimili.

Kwenye keki, kijiti hushinda kisu kwa sababu mbao ina mikwaruzo inayoshika uji wa unga, ilhali chuma laini huuteleza. Choma katikati kabisa. Ukitumia mkaa juu na chini ya sufuria, pembeni huiva mapema na kukudanganya. Kijiti kikitoka na uji, ongeza dakika tano. Kikitoka na makombo machache yasiyo na maji, epua. Usifunue mapema, maana keki ambayo haijashika hudidimia.

Kifungo cha koti pia: laza kijiti juu ya kifungo, shona ukipitisha uzi juu yake, kisha kichomoe, vuta kifungo juu, na uzungushe uzi chini yake mara kadhaa kabla ya kufunga fundo. Kifungo kitapata shingo, na kitambaa kizito hakitakunjamana.

Simu isiyoshika chaji mara nyingi imejaa nyuzi za mfukoni. Izime, chonga kijiti kiwe bapa, ukwangue pembeni na mwisho wa tundu bila kugusa ulimi wa katikati. Sindano ni ya chuma, huweza kukwaruza viunganishi. Lakini matundu ya jiko la gesi usiyazibue kwa kijiti: ncha hukatikia ndani na moto ukawa mbaya zaidi.

Hatari kubwa ni kukimeza. Kikitumika kufungia nyama ya kuviringisha au kuku aliyejazwa, kihesabiwe kikichomwa na kihesabiwe tena kabla ya kupakua. Kijiti kilichomezwa kinaweza kutoboa utumbo, na maumivu pengine yakaja siku kadhaa baadaye. Ukifika hospitali mtajie daktari kijiti waziwazi, kwa sababu mbao kwa kawaida haionekani kwenye eksirei, na atahitaji kipimo kingine kukitafuta.