Ukiona nyuki hasogei juu ya ua, inama uangalie

Ukitaka kumwona buibui kaa, usihangaike kumtafuta yeye. Tafuta nyuki aliyetulia kupita kiasi.

Mimi nilianza hivyo. Nilimkuta nyuki ananing'inia kichwa chini pembeni mwa ua jeupe, nikadhani amechoka. Kumbe miguu minne ya mbele, myeupe kama ua lenyewe, ilikuwa imemkumbatia, na buibui amemng'ata nyuma ya kichwa, mahali ambapo mwiba wa nyuki haufiki. Nilikaa pale zaidi ya saa nzima. Alipomwachia, nyuki alidondoka amekufa, mwili haujapasuka, ila mwepesi kama kapi. Buibui huyu hatafuni windo lake. Hutoboa tundu dogo, huyeyusha vya ndani, kisha hufyonza.

Hatandi utando wa kunasia. Huvizia tu huku miguu ya mbele ameitanua, na akishtuka hutembea upande upande kama kaa. Kwa hiyo msogelee polepole, na kivuli chako kisimwangukie, maana atazunguka na kujificha chini ya ua. Akikupotea, rudi kesho papo hapo.

Usidanganywe na rangi pia. Jike wa Misumena vatia, aina mojawapo ya buibui kaa, akihamia ua la njano hugeuka njano, ingawa si papo kwa papo kama kinyonga: huchukua siku 10 hadi 25. Kurudia weupe ni kama siku 6. Dume ni mdogo mno. Nilipomwona mgongoni mwa jike mara ya kwanza nilimdhania mtoto wake.

Ombi langu kubwa ni hili: ukikuta jani limekunjwa ncha na kufungwa kwa nyuzi nyeupe, usilifungue. Nililifungua moja kwa udadisi, na mpaka leo najuta. Ndani mlikuwa na kifuko cha mayai, na mama amekilalia, tumbo limesinyaa. Hulinda mayai hayo kwa majuma, na wengi hufa msimu huohuo. Watoto hujivua gamba mara ya kwanza humohumo kifukoni, kisha hutoka, huachia uzi hewani na kuchukuliwa na upepo.

Nililikunja tena jani lile, nikalifunga kwa uzi wa kushonea. Mama alihamia juu yake, akakaa siku 19. Siku ya 20 hakuwapo, na ukingoni mwa jani kulikuwa na vibuibui vidogo kuliko punje za ufuta, vimenyanyua matumbo juu.