Huo waya wa kwenye titi ni wa nini?

Dada pole na mawazo, umeuliza kwanini mama mdogo atawekewa waya kwenye titi asubuhi ya opareshen na kama si bora wakate titi lote yaishe. Iko hivi, uvimbe wake umeonekana kwenye mamogramu tu (ile eksirei ya titi), kwa mkono haushikiki, sasa daktari akishafungua atajuaje akate wapi? Ndo maana wanampiga ganzi, wanaangalia kwa mamogramu au ultrasaundi huku wanapitisha sindano mpaka kwenye uvimbe, wanaacha humo kiwaya chembamba chenye kindoano nchani ili kisihame, kinachobaki nje wanakibandika plasta. Asikivute, na avae blauzi ya vifungo mbele maana kuvulia kichwani itakuwa shughuli. Kinatolewa pamoja na nyama yenyewe, na hiyo nyama kwa kawaida inapigwa eksirei hapohapo kuhakikisha uvimbe umo.

Kukata lote mi nisingekimbilia. Tafiti za Marekani na Italia zilizofuatilia wanawake miaka 20, majibu yakatoka 2002, zilionyesha kansa ikiwahiwa, waliobakiziwa titi wakapigwa mionzi waliishi sawa na waliokatwa lote. Ila mionzi isirukwe jamani, ni wiki kadhaa za kwenda karibu kila siku, kwa hiyo kama mko mbali na hospitali ya Ocean Road (Dar) au Bugando (Mwanza) tafuteni pa kufikia mapema. Halafu muulizeni daktari majibu ya kingo za nyama iliyokatwa (yaani pembeni mwake) yanatoka lini, zikikutwa na seli za kansa anaweza kurudishwa kuongezewa mkato.