Kodi ya Majengo Ndani ya LUKU, na Namna ya Kuifuata Bajeti ya Halmashauri

Wamiliki wengi wa nyumba hapa Tanga hulipa kodi ya majengo kila mwezi bila kuona hati yoyote ya madai, kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Utaratibu huu umetuondolea foleni, na kwa hilo naupongeza, lakini umeifanya kodi isionekane, na kodi isiyoonekana haiulizwi na mtu. Nimekuwa nikisimamia malipo ya nyumba ya familia yetu iliyopo Ngamiani, yenye wapangaji na mita mbili, pamoja na nyumba ya shangazi yangu huko Makorora, na nimeona jinsi mambo machache yasiyoeleweka yanavyowagharimu watu fedha na kuwapotezea nafasi ya kuuliza maswali yanayostahili kuulizwa.

Ujumbe wa LUKU unaoingia kwenye simu una maelezo mengi kuliko ile namba ya tokeni ambayo sote hukimbilia kuiingiza kwenye mita. Tangu Julai 2023, nyumba ya kawaida hukatwa Sh 1,500 kwa mwezi, yaani Sh 18,000 kwa mwaka, na jengo la ghorofa mjini hukatwa Sh 7,500 kwa mwezi kwa kila ghorofa, yaani Sh 90,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo viwango vilikuwa Sh 1,000 na Sh 5,000 kwa mwezi. Ukinunua umeme wa Sh 10,000 kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, Sh 1,500 hutangulia kuondoka, na ile Sh 8,500 inayobaki ndiyo inayogharimia umeme wenyewe, VAT, asilimia 3 ya REA (wakala wa nishati vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa huduma za nishati na maji). Nyumba ikifungwa miezi kadhaa bila mtu kununua umeme, deni huendelea kujilimbikiza na hukatwa siku ya kununua tena. Hapo ndipo wengi hudhani mita imeharibika au wameibiwa uniti.

Nyumba yenye mita zaidi ya moja inahitaji uangalizi wa pekee, kwa sababu mfumo unaweza kuihesabu kila mita kama jengo linalojitegemea. Kwetu Ngamiani, mita zote mbili zilikuwa zikikatwa. Tulipeleka nakala za stakabadhi za mita zote mbili pamoja na barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba nyumba ni moja, na makato yakabaki kwenye mita moja. Baada ya hapo lilibaki suala la haki baina yetu na wapangaji, kwani kodi hii ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji, ingawa anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Sisi tumeandika kwenye mkataba kwamba mpangaji mwenye mita hiyo anapunguziwa Sh 1,500 kwenye kodi ya pango ya kila mwezi. Nawasihi wenye nyumba wenzangu wafanye hivyo kwa maandishi, kwa sababu kiasi ni kidogo lakini manung'uniko yake huwa makubwa.

Shangazi yangu, ambaye amevuka miaka 60 na anaishi katika nyumba yake mwenyewe, alistahili msamaha ambao sheria inautoa kwa wazee kwa nyumba moja wanayoishi, kama inavyoutoa kwa watu wenye ulemavu wasio na kipato. Msamaha huo hauji wenyewe. Unaombwa kwa kitambulisho na barua ya mtaa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wazee wengi mjini mwetu wanaendelea kukatwa fedha ambazo sheria imewasamehe, na watoto wao wanaowanunulia umeme kwa simu kutoka mbali hawajui. Kodi ya pango la ardhi ni jambo jingine kabisa: hulipwa kwa mwaka na mwenye kiwanja kilichopimwa na kumilikishwa, chini ya Wizara ya Ardhi, na LUKU haiigusi.

Sasa fedha hizo huenda wapi? Katika mikutano ya mtaa nimesikia mara nyingi watu wakimwambia diwani, "Tunakatwa kila mwezi kwenye umeme, mbona mtaro haujengwi?" Uchungu wao naushiriki, lakini swali linakosa shabaha. Ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, mwaka 2016, na fedha hizo hupitia Hazina kabla ya chochote kurejea mjini. Mapato ya ndani ya halmashauri, yaani yale ambayo madiwani wanayasimamia moja kwa moja, ni kama vile leseni za biashara, ushuru wa masoko na stendi, na ushuru wa huduma, ambao hutozwa kwenye mauzo ya biashara. Sehemu kubwa iliyobaki kwenye kitabu cha bajeti ni ruzuku ya Serikali Kuu, na ndani yake mishahara ya walimu na wahudumu wa afya huchukua nafasi kubwa. Kwa hiyo anayesoma jumla ya bajeti na kusema "Jiji lina mabilioni" anasoma fedha ambazo nyingi zimekwisha kupangiwa kazi kabla diwani hajanyoosha mkono. Mtaro wa kando ya barabara ya mtaani, tangu mwaka 2017, ni jukumu la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, yenye bajeti yake. Hata zile Sh bilioni 53.12 za hatifungani ya kijani, yaani mkopo unaochukuliwa kwa wawekezaji kwa miradi yenye manufaa kwa mazingira, ambazo mwaka 2024 zilizungumzwa sana hapa kwetu, ni za mamlaka ya maji, Tanga UWASA, si za Jiji.

Ushauri wangu ni kwamba uanze na ukurasa wa mapato ya ndani, kisha utafute ile asilimia 10 ya mapato hayo ambayo sheria inaitenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa asilimia 4, 4 na 2, na umwombe mtendaji wa kata akueleze ni vikundi vipi vya kata yenu vimekopeshwa. Swali hilo lina jibu ndani ya halmashauri yenyewe.

Muda nao ni muhimu mno. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele huibuliwa kwenye mitaa miezi mingi kabla, hupita kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na kwa kawaida Baraza la Madiwani huwa limekwisha kupitisha bajeti kabla Bunge la bajeti halijaanza mwezi Aprili. Anayesimama mwezi Juni kuomba tundu la choo cha shule anaombea mwaka mwingine. Mkutano wa mtaa wa kuhudhuria ni ule wa mwishoni mwa mwaka wa kalenda, si wa mwaka wa fedha, na ombi lisemwe wazi, liandikwe kwenye muhtasari, na mtu mmoja apewe kazi ya kuuliza kwenye kata kama muhtasari huo umefika.