Kambi za besiboli na saini za wachezaji: maswali yenu

Kila mwaka mpya ukianza, wasomaji wetu walioko Marekani huniandikia kuhusu besiboli. Safari hii wengi wameuliza juu ya kambi za mazoezi na namna ya kupata saini za wachezaji, kwa hiyo nimeyaweka maswali yao pamoja.

Nimehamia Phoenix na familia. Ikifika Februari, kazini hakuna habari nyingine ila besiboli, na ligi yenyewe haijaanza. Wanachangamkia nini? (Baba wa watatu)

Wanachangamkia kambi, ndugu yangu. Unajua timu zetu za soka zinavyoingia kambini kabla ya msimu, wachezaji wanatafuta pumzi na kocha anapima vijana wapya. Huko ni vivyo hivyo, ila imekuwa sikukuu ya watu. Timu zote 30 za ligi kuu huikimbia baridi na kugawana majimbo mawili: 15 zinakwenda Arizona, 15 Florida. Warushaji na wadakaji hutangulia katikati ya Februari, wenzao wanafuata siku chache baadaye, kisha zinapigwa mechi za kujipima nguvu mpaka karibu na mwisho wa Machi.

Matokeo hayaingii kwenye msimamo, na hapo ndipo penye raha. Mchezaji hana presha, viwanja ni vidogo, na nyota ambaye Julai utamwona kwa mbali kama sisimizi, Machi anapita hatua mbili kutoka ulipo. Wewe umebahatika zaidi, kwa sababu timu zote 15 za Arizona ziko kwenye viwanja kumi vilivyouzunguka mji wenu: Mesa, Scottsdale, Tempe, Glendale, Peoria, Surprise, Goodyear na Phoenix yenyewe. Unaweza kuona mazoezi ya timu moja asubuhi na mechi ya timu nyingine mchana bila kulala hotelini.

Sisi tuko Florida. Je, huku pana ubaya? (Msomaji wa Tampa)

Hapana ubaya, dada, ila kambi zimetawanyika. Yankees wako hapo hapo Tampa, Phillies wako Clearwater na Blue Jays wako Dunedin, zote jirani zako. Ila Fort Myers, kwa Red Sox na Twins, ni mwendo wa saa mbili na zaidi, na Jupiter au Port St. Lucie iko upande wa pili wa jimbo. Wachezaji wakongwe nao hawapendi kupanda basi masaa yote hayo, hivyo ukimfuata nyota fulani, mfuate kwenye uwanja wa nyumbani.

Na ukipata siku ya mapumziko, endesha mpaka Daytona Beach. Hakuna timu ya ligi kuu inayopiga kambi pale siku hizi, lakini tarehe 17 Machi 1946 Jackie Robinson, Mweusi aliyekuja kuvunja ubaguzi wa rangi wa ligi kuu, alicheza mechi yake ya kambi katika uwanja ule ule unaobeba jina lake leo. Alikuwa na Montreal Royals, timu ndogo ya Dodgers. Mji wa Sanford ulimtoa uwanjani, na mji wa Jacksonville ulifunga mageti kabisa ili Mweusi asicheze na Wazungu. Daytona Beach walimruhusu. Watoto wetu wanaokulia Marekani wapelekwe pale.

Binti yangu ana miaka tisa na anataka saini kuliko tiketi yenyewe. Tusimame wapi, na saa ngapi? (Mama Peoria)

Mama, mpeleke asubuhi, tena viwanja vya nyuma. Kila kambi ina viwanja kadhaa vya mazoezi pembeni ya uwanja mkubwa, na kwenye kambi nyingi, hasa Februari kabla ya mechi kuanza, kuingia kutazama ni bure. Wachezaji huhama kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine kwa miguu, wakipita kwenye njia nyembamba yenye kamba au uzio mfupi. Simama kwenye njia hiyo. Utawaona wanavyokuja: rungu limebanwa kwapani, glavu iko mkono mmoja, na mkono wa pili unasaini huku miguu haisimami. Akiwa anakimbilia zoezi usimkatishe. Akimaliza na kuvua kofia kujifuta jasho, hapo muite.

Siku ya mechi, milango mingi hufunguliwa saa moja na nusu au mbili kabla. Mechi nyingi za Arizona huanza saa saba na dakika tano mchana, kwa hiyo saa tano muwe mmeshafika. Shukeni moja kwa moja mpaka safu ya mbele, pale ukuta wa watazamaji unapokaribia mstari wa pembeni, upande wa timu mnayoitaka. Wenye tiketi za viti hivyo watakapofika, muwapishe. Kuna nafasi nyingine ambayo wengi hawaijui: nyota hutolewa mapema, pengine baada ya kupiga mara mbili au tatu tu, na kwenye viwanja ambavyo chumba cha kubadilishia nguo kiko kwenye kona ya mbali, hupita kando ya watazamaji akiwa ameshamaliza kazi yake ya siku. Wakati watu wanatazama mchezo, wewe na binti muwe kwenye kona hiyo.

Muwe na orodha ya wachezaji yenye namba. Kambini kuna vijana wengi wenye namba za 70, 80 na 90, na wengine jezi zao hazina hata jina. Kijana wa namba 87 akiitwa kwa jina lake na mtoto wa miaka tisa, atasimama. Kwangu mimi hao ndio saini tamu zaidi, maana hawajachoka kuombwa.

Kitu kimoja kwa mchezaji mmoja kinatosha. Na mwombe aandike jina la binti juu ya saini. Wako watu wazima wanaokusanya saini kwa ajili ya kuuza, na wachezaji wanawafahamu. Mpira wenye jina la mtoto hauna soko kubwa, na ndiyo maana mchezaji huuandika kwa moyo mweupe.

Kalamu gani? Ya mwaka jana saini imesambaa kama imelowa. (Kijana wa Glendale)

Ulitumia maka, ile kalamu nene ya wino mwingi. Ngozi ya mpira hunywa wino wa maka, na baada ya miezi herufi zinavimba. Mpira unataka kalamu ya kawaida ya bluu, hii ya kuandikia daftari. Mchezaji asaini pale mishono miwili inapokaribiana zaidi, ndipo panapopendelewa. Maka ni ya picha na kadi, na ya rangi ya fedha kwa kofia nyeusi. Ukifika nyumbani uuweke mpira mbali na jua la dirishani, maana wino wa bluu hufifia upesi.

Nimeona mpira wa nyota mkubwa mtandaoni kwa bei ya kutupa. Ninunue? (Msomaji wa Nairobi)

Usinunue. Miaka ya 1990 FBI walifumua mtandao mkubwa wa waghushi wa saini za wanamichezo, na Tony Gwynn wa Padres mwenyewe aligundua saini zake za bandia zikiuzwa. Tangu 2001 ligi ina mpango wake wa uthibitisho: shahidi hushuhudia saini ikiwekwa, kisha kibandiko chenye namba hubandikwa, na namba hiyo unaihakiki kwenye tovuti ya ligi. Kama namba haipo, shika pesa yako.

Kuna Mwafrika yeyote wa kumwomba saini? (Msomaji wa Kampala)

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliwafungulia Waafrika mlango wa ligi kuu akiwa na Pirates, Aprili 2017, na mara yake ya kwanza kupiga alifanikiwa. Nyumbani kwenu Uganda, watoto wa Lugazi walicheza mashindano ya dunia ya watoto mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale, na baadaye vijana wa Uganda wamesajiliwa na Dodgers na Pirates. Kambi za vijana za Pirates ziko Bradenton, Florida.

Tumefika Mesa hivi karibuni. Mwanangu anaipenda besiboli lakini anaogopa Kiingereza chake. (Mama wa Mesa)

Mwambie asiogope, mama. Wachezaji wengi walioko kambini wametoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, nao walifika Marekani wakiwa vijana wasiojua Kiingereza. Ajifunze kulitamka jina la mchezaji vizuri, aseme tafadhali na ahsante, na kalamu aitoe ikiwa imeshafunguliwa. Hapo Mesa mna Cubs, Sloan Park, lakini foleni ni ndefu na tiketi huisha mapema. Anzieni kwa Athletics, Hohokam Stadium, siku ya katikati ya wiki. Palipo na nyasi za kukalia nyuma ya uwanja tiketi ni nafuu. Kofia na maji msisahau, jua la Machi huko si la mchezo.