Mkuu, usiandike "hifadhi" kila mahali, mimi nilishalipia

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema umepewa andiko la mradi wa mazingira, kurasa 40 za Kiingereza, ulitafsiri kwa Kiswahili, unauliza bei ya ukurasa, programu ya kutumia, na kama "climate" ni "tabianchi" au "hali ya hewa". Hayo tutarudi. Kilichonitoa usingizini ni ile sentensi yako ya mwisho, kwamba "reserve", "park" na "conservation area" zote utazipiga "hifadhi" ili wanakijiji wasichanganyikiwe. Mimi ndivyo nilivyofanya. Hawakuchanganyikiwa hata kidogo.

Ilikuwa kijiji kimoja mkoani Lindi. Walitaka kutenga msitu wao chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, ule ambao kwa Kiingereza huitwa "village land forest reserve". Msitu unabaki wa kijiji, halmashauri ya kijiji inausimamia kupitia kamati ya maliasili, na mkivuna mbao hela inaingia kijijini. Kitu kizuri kabisa. Sasa hawa waandishi wa maandiko wakishataja jina refu mara moja, kuanzia hapo wanaandika "the reserve" basi. Nami nikawafuata kama kondoo. Ukurasa wa kwanza, "msitu wa hifadhi wa kijiji". Kurasa zote zilizofuata, "hifadhi". Mifugo hairuhusiwi ndani ya hifadhi. Vigingi vya hifadhi vitawekwa mwezi wa saba. Nikasoma, nikaona Kiswahili kimetulia, nikajipongeza kwa chipsi kuku.

Siku ya mkutano mkuu wa kijiji nilikuwepo, nimekaa mbele na kalamu mfukoni, msomi. Mtendaji akasoma mpaka akafika kwenye vigingi. Mzee mmoja chini ya mwembe, baiskeli kaiegemeza gotini, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hifadhi ya nani?"

"Ya kijiji, shikamoo mzee."

"Marahaba. Hapa hujaandika kijiji. Umeandika hifadhi. Hifadhi mimi naijua, inakuja na gari na askari."

Kina mama ndio walioanza kunyanyuka. Nusu saa baadaye uwanja mtupu, na kijitabu changu nikakikuta kwa muuza karanga barabarani, kimeshakuwa vikoni vya kufungia karanga. Nikanunua kimoja. Karanga zilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.

Mradi ulisimama miezi mitano. Awamu ya mwisho ya malipo sikuiona, na nakala 400 mpya nilichapa kwa hela yangu, deni la steshenari nikalimaliza mwaka uliofuata. Na aliyeniponza? Mratibu wa mradi. Nilimpigia simu kabla, nikamuuliza kama nirudie jina zima kila mara. Akanijibu, "Watu wa kijijini hawahitaji mambo mengi, weka hifadhi, wanaelewa." Walielewa kweli! Walielewa kuliko yeye na shahada zake mbili. Kilipowaka akawaambia wafadhili kuwa tatizo ni mtafsiri. Leo yupo kwenye kiyoyozi cha Land Cruiser, mimi nipo hapa nakuandikia usiku na bando la kuunga.

Kwa hiyo nisikilize. Ukikutana na jina la eneo, kamusi iache, fungua sheria. Jiulize eneo ni la nani, na mtu akikutwa humo na panga anafanywa nini. Hifadhi ya Taifa, yaani "national park", iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, humo huishi wala hulimi. Pori la akiba, yaani "game reserve", liko TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na humo watu wanawinda kwa leseni. Ngorongoro ni eneo la hifadhi, yaani "conservation area", lenye mamlaka yake, na tangu 1959 wafugaji wamekuwa wakiishi humo. Mtego wenyewe ni pori tengefu, yaani "game controlled area". Zamani kilichobanwa humo kilikuwa uwindaji, watu wakilima na kuchunga. Ikaja Sheria ya Wanyamapori ya 2009, kulima na kuchunga navyo vikapigwa marufuku. Kiingereza chake hakikubadilika hata herufi moja. Andiko la 2005 na la 2015 yanataja jina lile lile, lakini mwenye ng'ombe yuko salama kwenye moja tu. Utajuaje hayo kwa kamusi?

Ukishajua, andika jina zima. Kila mara. Hata litokee mara 100, na mhariri akikwambia unachosha msomaji, mchoshe. Mhariri hana shamba pale.

Tabianchi iandike tabianchi, hali ya hewa ni ile ya kuuliza kama kesho mvua itanyesha. Hewa ukaa nayo ina kisa chake, kuna mahali walisikia tumekuja kununua mkaa, lakini hicho siku nyingine.

Andiko lako lina ukurasa wa ramani? Lazima upo. Upige picha uuweke hapa leo, na ule wa vigingi, kabla hujapeleka chochote kuchapwa.