Potenshometa haibebi sauti: kwa anayeanza kuunga spika na Arduino

Karibu kila mgeni kwenye meza hii huanza kwa kuiweka potenshometa (kifaa cha kuzungusha kwa nobu kinachobadili ukinzani wa umeme) njiani, kati ya pini ya Arduino, bodi ndogo inayoendeshwa kwa programu, na spika. Anajua ukinzani ukiongezeka sauti hupungua, na hapo hajakosea. Lakini spika ya kawaida ina ukinzani wa omu 8 na potenshometa ina omu 10,000. Ukizungusha nusu tu, omu 5,000 zimekaa mbele ya spika na husikii kitu. Sauti yote imebanwa kwenye ncha ya mzunguko, upana wa ukucha. Ukiifikia ncha hiyo, pini inabaki peke yake na omu 8: kwa volti 5 spika inadai zaidi ya miliampia 600, wakati pini ya Uno hutakiwa isizidi 20, na 40 ndiyo mwisho kabisa. Pini inaungua, bodi inaendelea kuwaka kama kawaida, nawe unashinda siku nzima ukiilaumu programu.

Kazi ya potenshometa ni kuipa Arduino namba, kuanzia 0 hadi 1023. Arduino nayo ndiyo inayoamuru sauti ipande au ishuke.

Tuseme unatengeneza kisanduku cha kutangazia biashara, kile kinachoita wateja wa dagaa na migebuka kutwa nzima kwenye kibanda pale Kibirizi, Kigoma. Utahitaji Arduino Uno, DFPlayer Mini (moduli ndogo inayopiga sauti zilizorekodiwa) na kadi yake ya kumbukumbu, spika ya omu 8 isiyozidi wati 3, potenshometa B10K (10K ni omu 10,000), rezista ya 1K, kapasita ya nanofaradi 100 na nyingine ya mikrofaradi 1,000. Potenshometa chukua mbili kabisa. Vipuri vingi huku vinasubiriwa kutoka Dar es Salaam, na ni upuuzi kazi kulala kwa ajili ya kitu cha bei ndogo namna hiyo.

Angalia herufi iliyopigwa mgongoni mwa potenshometa. B maana yake ukinzani unapanda sawasawa na mzunguko. A hupanda polepole kwanza kisha ghafla. Ilitengenezwa kwa ajili ya amplifaya zinazopitisha sauti yenyewe, kwa kuwa ndivyo sikio linavyosikia. Ukiitumia A hapa, nobu ikiwa katikati Arduino itasoma kama 100 hadi 150 badala ya 512, na sauti itakuwa bado iko chini sana. Ukichomoa potenshometa kwenye redio mbovu, mara nyingi utakuta miguu sita, yaani mbili zimepandana kwa ajili ya spika za kushoto na kulia. Tumia safu moja tu. Miguu miwili ya ziada kwa nyuma ni swichi, iache.

Kabla ya kuunga, weka mita kwenye omu 20K. Miguu ya pembeni isome kati ya 8K na 12K, isibadilike ukizungusha. Wa kati na mmoja wa pembeni isome ikipanda taratibu bila kuruka. Ikiruka, njia ya ndani imechakaa.

Sasa unga. Mguu wa pembeni mmoja kwenye 5V ya Arduino, wa pili GND (upande wa hasi), wa kati A0, pini ya Arduino inayopima volti. Hiyo 5V itoke kwenye Arduino yenyewe, usiichukue kwingine. Arduino hupima A0 kwa kuilinganisha na volti 5 zake. Besi ikipiga na umeme ukashuka hadi 4.7, vyote viwili vinashuka pamoja na namba inabaki ileile. Ukiilisha potenshometa kutoka chaja nyingine, namba itacheza kila spika inapokoroma.

DFPlayer: VCC (mguu wa umeme) kwenye 5V, GND kwenye GND, TX yake (inayotuma data) pini 10, RX yake (inayopokea) pini 11 kupitia rezista ya 1K. Bila rezista hiyo spika huwa na mlio mwembamba usiokoma. Spika iunge kati ya SPK1 na SPK2, na hakuna waya wake hata mmoja unaogusa GND. Kapasita ya 1,000 iwe kati ya VCC na GND karibu kabisa na moduli, mguu wenye mstari upande wa hasi. Kifaa kikijizima na kuwaka upya kila sauti inapopanda, anza kuangalia hapo.

Chapisha namba ya A0 kwenye skrini ya kompyuta kabla ya kugusa habari za sauti, maana namba yenyewe inataja ugonjwa. Imeganda 0: waya wa 5V haushiki. Imeganda 1023: wa GND haushiki. Inarukaruka hovyo hata hujagusa nobu: mguu wa kati uko hewani. Imeganda 1023 na potenshometa inapata moto ukizungusha upande mmoja: 5V umeiweka mguu wa kati. Chomoa haraka, kwani ukifika ncha ya GND hiyo ni shoti kamili na moshi utauona. Sauti ikipanda kinyume, badilishana miguu ya pembeni, basi.

Kwenye programu, DFPlayer inapokea sauti kutoka 0 hadi 30. Wengi huandika map(x, 0, 1023, 0, 30), x ikiwa namba ya A0, halafu 30 haipatikani mpaka namba iwe 1023 kamili, kwa sababu desimali hukatwa. Andika x * 31 / 1024. Kwa x kubwa kuliko zote, kuzidisha kunatoa 31,713, ambayo bado inaingia kwenye int ya Uno, aina ya namba nzima yenye mwisho wa 32,767. Ukitaka hatua 40, tumia long, aina inayobeba namba kubwa zaidi.

Namba ikikaa mpakani itayumba kati ya hatua mbili, sauti itatetemeka, na moduli itapigwa amri mfululizo mpaka ikwame. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya A0 na GND. Soma mara 16 uchukue wastani, kisha tuma amri pale tu namba ya A0 inapotofautiana kwa zaidi ya 12 na ile iliyokuwapo ulipotuma amri ya mwisho. Hatua moja ina upana wa 33, kwa hiyo mkono hautahisi ucheleweshaji.

Waya tatu za kwenda kwenye nobu zisokote pamoja, zipite mbali na za spika. Shina la potenshometa lifunge nati vizuri na tundu lizibwe: muuzaji ataishika nobu kwa mikono yenye mawese, mafuta yatabeba vumbi hadi ndani, na baada ya muda namba zitaanza kuruka. Hapo pulizia dawa ya kusafishia viunganishi, zungusha mara ishirini, acha ikauke. Ukiona bado inaruka, weka ile ya pili.